Kabla Hujatundika Kitanda Ukutani

Katika kambi za Union Minière, kampuni ya Kibelgiji ya migodi ya shaba ya Katanga, Kongo, mlango wa nyumba ya mfanyakazi haukuwa wake. Mkuu wa kambi aliweza kuingia kukagua usafi, kuhesabu waliolala humo, kuuliza mgeni huyu katoka wapi na ataondoka lini. Watoto walipimwa uzito kwa ratiba ya kampuni. Mama zao waliitwa kwenye foyer, kituo cha wanawake cha kampuni, kujifunza kushona, kupika na kutunza nyumba kwa namna iliyompendeza yule aliyemlipa baba mshahara. Kijana aliyetaka kuoa aliweza kukopeshwa mahari na mwajiri wake, kisha akakatwa kidogo kidogo. Unyumba wenyewe, ile sehemu ya maisha ambayo kwingine hufungiwa mlango, ulikuwa na faili ofisini.

Ndiyo maana mchoraji wa Lubumbashi anapotangaza onyesho lake la pekee, akasema mada ni utambulisho na mambo ya faragha, mimi sikimbilii kutazama rangi. Nataka kwanza kujua kama anafahamu ni akina nani wengine walikuwa ndani ya hicho chumba alichokichora.

Mada yenyewe imeenea. Katika maonyesho mengi ya wachoraji wa Kiafrika yanayofunguliwa London, Paris au New York, utakutana na mwili uliojilaza kochini, mtu anayejitazama kwenye kioo, wapenzi wawili chini ya shuka moja, ua la plastiki mezani, ukuta wa rangi moja kali nyuma yao. Vijana wanaosomea uchoraji hapa kwetu wanaziona picha hizo kwenye simu asubuhi, na jioni zimeshaingia kwenye turubai zao. Sina ugomvi na hilo. Tangu lini mchoraji akakatazwa kuchungulia ya jirani? Ugomvi wangu ni na kile kinachoachwa njiani. Chumba cha London kilichochorwa na mtoto wa wahamiaji kina mambo yake ndani: ngozi nyeusi kati ya watu weupe, mama anayezungumza lugha ambayo mwanawe anaielewa nusu, upweke wa ghorofani. Ukikihamisha kama kilivyo mpaka Katuba, mtaa wetu hapa Lubumbashi, unabaki na kochi tu.

Hapa kwetu utambulisho ulianza na namba ya kazi. Mji ulianzishwa mwaka 1910, miaka minne baada ya Union Minière kuundwa, na watu wake waliletwa kwa mikataba: kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Maniema, Ruanda-Urundi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilishaona kwamba kumleta mwanamume peke yake kwa miezi michache ni hasara. Ikamtaka aje na mke, azae hapa, mtoto akulie kambini na kuwa mfanyakazi wa kesho. Posho ikakadiriwa kwa mke na kwa watoto. Kwa hiyo tunaposema familia ya Lubumbashi, tunasema jambo ambalo kwa sehemu kubwa lilipangwa mezani na wahandisi na madaktari wa mgodi. Kiswahili chetu, hiki ambacho ndugu wa pwani hutucheka nacho, kilikomaa ndani ya kambi hizo, kati ya watu ambao hawakuwa na lugha nyingine ya kugombana na ya kubembelezana. Wazee walisema kampuni ni baba na mama, na hawakuwa wanatania.

Baadaye serikali nayo ikaingia. Elisabethville ikawa Lubumbashi mwaka 1966. Mwaka 1972 Mobutu akaamuru majina ya Kikristo yaachwe, na mtu aliyelala akiwa Joseph akaamka akitafuta jina la babu yake. Mwaka 1992 na 1993, majirani waliozaliwa mtaa mmoja waligawanywa kwa asili ya baba zao. Maelfu kwa maelfu ya watu wa Kasai walifukuzwa Katanga, wakapiga kambi kwenye vituo vya treni, Likasi na Kolwezi, wakisubiri safari ya kwenda mahali palipoitwa kwao na ambapo wengi hawakuwahi kukanyaga. Kulikuwa na nyumba ambamo mume alikuwa upande mmoja wa mstari na mke upande wa pili, na watoto hawajui wasimame wapi. Sasa niambie, ndugu mchoraji: picha ya mume na mke kitandani, iliyochorwa Lubumbashi, inaweza kuwa picha ya mapenzi tu?

Halafu kuna jambo ambalo bado sijaliona likichorwa kama linavyostahili. Mwaka 2003 na 2004, kwa mpango ulioungwa mkono na Benki ya Dunia, Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi ya Union Minière, iliachana na wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa malipo ya mara moja. Baba ambaye mchana alikuwa haonekani nyumbani akaanza kuonekana. Mama ambaye zamani alipokea posho akaanza kuuza makala (makaa ya kupikia), unga, vitenge, chochote, na neno la mwisho ndani ya nyumba likahama taratibu kutoka kiti kimoja kwenda kingine. Hakuna aliyelitangaza. Ukitaka kuchora faragha ya mji huu kwa kizazi changu, mchore mwanamume wa miaka 50 amekaa sebuleni saa nne asubuhi, siku ya kazi, viatu vimepigwa rangi. Hana nguo iliyovuliwa, na bado ni picha ya uchi kuliko nyingi nilizoziona zikipewa jina hilo.

Anayedhani kwamba kuunganisha utambulisho na faragha ni wazo lililokuja kwa ndege, aende akatazame sanamu za Waluba wa Katanga. Nyingi kati ya zile nzuri ziko Ulaya, kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, na kwingineko, lakini picha zake zinapatikana. Mwanamke amesimama au amepiga magoti, au anabeba kiti cha mfalme kichwani, na mara nyingi mikono yake iko juu ya matiti. Mtazamaji wa haraka ataona uchi au uzazi. Wanaojua desturi ile wanasema mikono hiyo inalinda: siri za ufalme zilikuwa mali ya wanawake, zimehifadhiwa kifuani, na mfalme bila wao hakuwa na msingi. Chale zilizochongwa tumboni na mgongoni zilisema mtu huyo ni nani, zikasomwa na wachache walioruhusiwa kuwa karibu vya kutosha. Kuna pia lukasa, ule ubao mdogo wenye shanga ambao wanachama wa chama cha Mbudye waliusoma kwa kupitisha vidole, wakasimulia nasaba na safari za wafalme. Utambulisho wote wa dola ulitosha kushikwa kwa mkono mmoja, na hukuweza kuusoma bila kuugusa. Mtu mwenye urithi wa namna hiyo hahitaji kuomba ruhusa kwa mtu yeyote ili achore mambo ya ndani. Anahitaji tu kuacha kuamini kwamba ndani maana yake ni kuvua nguo.

Uchoraji wetu wa turubai, hata hivyo, haukuanzia chumbani. Pierre Romain-Desfossés, Mfaransa aliyewahi kuwa afisa wa majini, alifungua karakana yake hapa mwaka 1946, ile iliyojulikana kama Hangar. Alikuwa na imani moja kubwa, kwamba wanafunzi wake wasiige Ulaya bali wachote kutoka kwenye kumbukumbu na mazingira yao. Matokeo yalikuwa mazuri kwa macho: ndege, samaki na nyoka wa Pilipili Mulongoy, uso wa picha umejazwa mpaka hakuna pa kupumua, mawindo na ngoma za Mwenze Kibwanga, vimepigwa mistari mifupi mifupi kama vile mvua, na Bela, aliyechora kwa ncha za vidole bila brashi. Nazipenda picha hizo. Lakini tazama kilichokosekana. Watu hawa waliishi mjini, katika Elisabethville ya miaka ya 1940, mji wenye saa ya kutotembea usiku kwa Mwafrika, wenye mitaa iliyotengwa, na hakuna chumba hata kimoja katika kazi zao zinazojulikana zaidi. Bela alianza kama mtumishi wa Romain-Desfossés mwenyewe. Bila shaka aliijua nyumba ya mzungu kuliko mzungu alivyoijua yake. Akachora wanyama na wawindaji. Mazingira yao, kwa maana ya mwalimu, yalikuwa pori, nyumba haikuhesabiwa.

Sitaki kumlaumu marehemu kupita kiasi. Alikufa mwaka 1954, karakana ikaingizwa katika Académie, shule ya sanaa iliyoanzishwa na Laurent Moonens, na baadhi ya wanafunzi wake wakafundisha humo. Lakini tabia ya kumwambia mchoraji mweusi wapi palipo na ukweli wake haikufa naye. Zamani aliambiwa ukweli wake uko porini. Leo anaambiwa uko chumbani, kwenye ngozi yake, kwenye jeraha lake. Anayeagiza amebadilika, agizo ni lile lile.

Waliochora chumba kweli ni wale ambao hawakuwahi kuingia ukumbi wowote. Katika miaka ya 1970, mwalimu, karani au mfanyakazi wa Gécamines alinunua picha kwa pesa kidogo kutoka kwa mchoraji aliyepita nyumba kwa nyumba, picha iliyochorwa mara nyingi kwenye kitambaa cha mfuko wa unga, akaitundika sebuleni juu ya makochi. Wataalamu wameziita picha hizo sanaa ya watu wengi. Mbili kati ya aina zake zinanihusu hapa.

Ya kwanza ni Mamba Muntu. Kila mtu wa umri wangu anamjua: mwanamke mweupe kiasi, nywele ndefu zimelala mabegani, nusu yake samaki, ameketi ukingoni mwa maji, ana saa mkononi, wakati mwingine kitana na kioo. Hadithi yake ni ya faragha tupu. Mwanamume anayepata kitu chake, unywele au kitana, hutembelewa usingizini. Akikubali masharti anapata mali, na sharti la kwanza ni kunyamaza. Bei huja baadaye: mtoto, mzazi, au uzazi wenyewe. Sasa fikiri. Baba wa familia anatundika picha ya mwanamke wa siri, mwenye kutoa mali kwa malipo ya damu ya ukoo, kwenye chumba ambacho mkewe, mama mkwe wake na mchungaji wote wataketi kunywa chai. Na wote wanaijua hadithi. Ile picha ilikuwa inasema hadharani jambo ambalo hakuna aliyeweza kulisema kwa mdomo kuhusu mshahara, tamaa na hofu ya mtu aliyetajirika haraka. Hakuna maelezo ya ukutani yaliyohitajika.

Ya pili ni Colonie belge, yaani Koloni la Ubelgiji. Mfungwa amelazwa chini, suruali imeshushwa, askari mweusi anampiga kwa fimbo ya ngozi ya kiboko, mzungu mwenye kofia anasimamia na kiko mdomoni. Pembeni, katika picha nyingi za aina hii, yupo mwanamke, mara nyingine na mtoto. Huyo ndiye ninayemtazama. Mume wake amevuliwa mbele yake. Katika jamii ambamo mtoto hapaswi kuona uchi wa baba yake, picha hii ilinunuliwa na akina baba na kutundikwa mahali ambapo watoto wao wangeiona kila siku wakila bukari. Mtu akiniambia kwamba Wakongo wana aibu mno kuhusu mwili kiasi kwamba hawawezi kupokea sanaa ya faragha, namwonyesha hiyo. Uchi ulikuwepo ukutani kwa miaka. Ila ulikuwa na kazi: ulikuwa ukumbusho, kama wachoraji wenyewe walivyopenda kuuita, na kila aliyekaa chini yake alijua anakumbushwa nini.

Tshibumba Kanda Matulu alitoka katika kundi hilo. Alizaliwa hapa mwaka 1947, mtoto wa ukoo wa Kasai, akajiita mwanahistoria kabla ya kujiita mchoraji. Kati ya 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia nzima ya nchi, picha 101, na akaieleza picha moja baada ya nyingine kwa mdomo, kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hajulikani alipo. Picha zile zinatunzwa Amsterdam. Narudi kwenye lugha hivi punde, maana hapo ndipo maonyesho yetu mengi ya leo yanapojikwaa.

Sebule zenyewe zimebadilika. Makanisa ya uamsho yalipoenea, Mamba Muntu aliitwa pepo na akashushwa, katika nyumba nyingine akachomwa. Uchumi ulipoanguka, anayenunua picha akakosekana. Leo utakuta ukutani picha ya harusi iliyokuzwa, kalenda ya kanisa, na televisheni imechukua mahali pa turubai. Picha ya harusi nayo ni jambo la kutafakari, lakini hilo ni la siku nyingine.

Kwa maoni yangu, mchoraji mkubwa kuliko wote wa mambo ya ndani aliyewahi kuishi mji huu hakuchora kitanda wala kioo. Ni Mode Muntu, aliyezaliwa mwaka 1940 na kufa mwaka 1985. Watu wake ni vivuli virefu, miguu na mikono kama vijiti, bila sura, wamejazwa nukta na mistari, na wamepangwa karibu kiasi kwamba bega la huyu ni mwanzo wa mgongo wa yule. Ukitazama kwa muda unapoteza hesabu ya nani ni nani. Wapo wanaoona humo maandishi ya kale au michoro ya mapangoni. Mimi naona nyumba ya kambi yenye watu wengi kuliko vyumba. Naona jinsi tulivyokua: ukigeuka usingizini unamgeuza ndugu yako. Ukaribu ule haukuchaguliwa, na ulikuwa na joto lake na mateso yake, na mtu ndani yake hakuwa na mpaka ulio wazi kati ya mwili wake na wa wenzake. Hayo ni utambulisho na faragha katika turubai moja, na hakuna aliyevua shati.

Kinshasa walikwenda njia nyingine. Chéri Samba alijichora mwenyewe tena na tena, akaandika maneno juu ya picha ili asieleweke vibaya, na kujionyesha huko kukawa mchezo na silaha. Géraldine Tobe anachora kwa moshi wa taa, na katika giza hilo zinaonekana hofu za utotoni, dini, na tuhuma za uchawi ambazo watoto wa Kongo wanazijua mno. Wote wawili wamepata njia ya kusema mimi bila kukopa mimi ya mtu mwingine. Wa Lubumbashi wanaweza kujifunza kwao ujasiri, mtindo wawaachie wenyewe.

Sasa kuhusu onyesho la mtu mmoja. Tumezoea zaidi ya pamoja. Tangu 2008 mikutano ya sanaa iitwayo Picha, iliyokuja kuwa Biennale ya Lubumbashi, imekusanya wasanii chini ya mada moja, na imefanya kazi kubwa. Mpiga picha Sammy Baloji na wenzake walithibitisha kwamba kumbukumbu ya mgodi inaweza kutazamwa upya kutoka hapa hapa, bila kusubiri Brussels. Lakini ndani ya maonyesho ya pamoja, mada hukubeba. Picha dhaifu huegemea jirani yake. Anayeonyesha peke yake, na tena kuhusu nafsi yake, hana pa kujificha. Turubai ya tatu inasema uongo, ya nne inaurudia, na ukifika ya kumi mtazamaji ameshajua kwamba mchoraji hajawahi kukaa na swali lake. Ndiyo sababu napendelea onyesho la picha 8 zilizokomaa kuliko 30 zilizojazwa ili ukumbi usionekane mtupu.

Na ukumbi wenyewe unazungumza na nani? Ukiingia Halle de l'Étoile jioni ya ufunguzi, au ukumbi wowote wa mjini kati, maelezo ya ukutani mara nyingi ni ya Kifaransa, na Kifaransa cha aina ile ambayo hata wenye digrii huisoma mara mbili. Nafsi, mwili, mpaka, mabaki, majeraha. Wakati huo huo mchoraji, akisimama kando na rafiki yake, anaeleza picha ile ile kwa Kiswahili, kwa sentensi nne, na inaeleweka: huyu ni shangazi yangu, hapa alikuwa amerudi kutoka hospitali, hakutaka tuwashe taa. Kwa nini sentensi hizo nne haziko ukutani? Tshibumba alieleza historia ya nchi nzima kwa lugha hii, kuanzia mababu mpaka Lumumba na baada yake. Kama ilitosha kwa Lumumba, inatosha kwa shangazi.

Atasema mtu kwamba Kifaransa kinahitajika kwa sababu wanunuzi ni wageni: watu wa migodi, wa mabalozi, wa mashirika. Sawa, kiwekwe. Ila kiwekwe pembeni ya Kiswahili. Onyesho kuhusu nyumba za mtaa wa Kamalondo ambalo mama wa Kamalondo analazimika kutafsiriwa, limemfanya mama huyo kuwa kitu cha kutazamwa kwa mara ya pili. Ningependa pia kuona mchoraji mmoja anayethubutu kufungua onyesho lake wiki moja ndani ya nyumba ya kawaida, katika mitaa yetu ya Kenya au Ruashi, picha zikiwa juu ya makochi ambapo picha zetu zilikuwa zamani, kabla ya kuzipeleka mjini. Hapo atajua mapema kipi kinasimama. Mama mwenye nyumba hatamficha.

Nasema mama kwa makusudi. Karibu picha zote nilizozitaja zimechorwa na wanaume, na mwili unaotazamwa ndani ya picha za faragha ni wa mwanamke mara nyingi kupita kiasi. Tulikuwa na mwanzo tofauti. Katika miaka ya 1920, Antoinette Lubaki alikuwa akichora kwa rangi za maji kwenye karatasi, wakati mmoja na mumewe Albert, katika mazingira ya Bukama, hapa Katanga, baada ya afisa wa Kibelgiji Georges Thiry kuona michoro kwenye kuta za nyumba na kuwapa karatasi. Kazi zao zilionekana Paris mwaka 2015 katika maonyesho makubwa ya Fondation Cartier kuhusu sanaa ya Kongo. Kwa hiyo jina la mwanamke lipo kwenye ukurasa wa kwanza kabisa wa uchoraji wetu wa karatasi, na kurasa zinazofuata zinajaa majina ya wanaume. Sidai kwamba mwanamume asimchore mwanamke. Nadai kwamba tukiona onyesho la mwanamume kuhusu faragha, tuulize mwanamke aliye ndani ya picha anamtazama nani, na kama ana jina kwenye kibao au ameandikwa tu "mfano", "kumbukumbu", "usiku wa pili".

Hapo linakuja suala la ruhusa, ambalo wakosoaji wetu hulipita kimya. Mchoraji anayechora bomba la moshi la Gécamines na mlima wa mabaki ulio karibu nalo haombi mtu. Vitu hivyo ni vya mji mzima. Anayechora mgongo wa mke wake, ulevi wa baba yake, au barua ya mapenzi aliyoikuta chini ya godoro la marehemu mama yake, anauza kitu ambacho si chake peke yake. Tumelelewa tukiambiwa mambo ya nyumba hayatoki nje. Kuna wasanii wanaodharau amri hiyo kama ushamba, na wapo wanaoitii mpaka hawachori chochote zaidi ya maua. Zote mbili ni njia za kukwepa. Ukweli ni kwamba amri ile ilimlinda mnyonge mara nyingine, na mara nyingine ilimlinda aliyempiga mnyonge, na mchoraji anapaswa kujua kabla ya kuchora ni ipi kati ya hizo mbili anaivunja. Binti anayechora aliyofanyiwa ndani ya ukoo wake haombi ruhusa ya aliyemfanyia. Mume anayechora machozi ya mkewe anaomba ya mkewe.

Kwa hiyo waliochorwa waingie ukumbini siku moja kabla ya wageni, peke yao, taa zikiwa zimewashwa. Akisema mmoja kwamba hii ishushwe, ishushwe, hata kama ndiyo iliyochapishwa kwenye mwaliko. Na picha ikiuzwa, apate fungu lake, lililokubaliwa mapema. Najua wachoraji watakachonijibu: kwamba wao wenyewe hulipwa kwa taabu, miezi mingi baadaye, na mwenye ukumbi hukata sehemu yake kwanza. Ni kweli kabisa. Lakini mke analijua hilo kuliko mimi, maana ndiye aliyelisha nyumba kwa biashara yake ya unga wakati turubai inasubiri mnunuzi, na hiyo ni sababu ya pili ya jina lake kuwa kwenye hesabu.